Uzoefu wangu na Toyota Vitz lililotoka kwenye theluji: misimu mitatu katika tope la Buhigwe

Ninaishi Kasulu mjini na ninafundisha katika shule ya sekondari iliyo kwenye miteremko ya Wilaya ya Buhigwe, kilomita 11 baada ya kuacha lami. Wakati wa kiangazi kilomita hizo ni vumbi tu na gari lolote linapita. Lakini sisi wa Kigoma hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei, na katika miezi hiyo udongo mwekundu wa milima ile hulainika juu kama sabuni iliyolowa huku chini yake ukibaki mgumu, kwa hiyo tairi halizami bali linateleza. Nimepita njia hiyo na Vitz dogo kwa misimu mitatu, na kwa kuwa hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza kama ni kweli gari hilo linapanda ule mlima wa shuleni, nimeona niandike yote niliyoyapata, mazuri na mabaya.

Gari langu ni la kizazi cha pili, kile kilichoanza kutengenezwa mwaka 2005, lina injini ya cc 1,300 ambayo mafundi wanaiita 2NZ, na gia yake ni otomatiki ya hatua nne. Linatofautiana na Vitz nyingi zilizojaa mitaani kwa jambo moja: linavuta kwa magurudumu yote manne, yaani ni fowili. Anayetaka kununua la namna hii asiamini maandishi yaliyobandikwa kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu stika inanunuliwa popote. Asome kibati cha chesesi. Kikiandikwa NCP95, hiyo ndiyo fowili ya cc 1,300. SCP90 ina cc hizo hizo lakini inavuta kwa mbele tu, na KSP90 ni ile ya cc 1,000 inayovuta kwa mbele. Akiwa bado na shaka, ainame aangalie uvunguni: fowili ina shafti inayotoka mbele, inapita katikati ya gari, na kuishia kwenye difu ya nyuma. Mimi nilionyeshwa gari Dar es Salaam lenye stika ya fowili na bei ya fowili, nikalala chini kwenye changarawe kutazama, na shafti haikuwepo.

Langu lilitoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ambako mji wa Sapporo peke yake hupata theluji inayokaribia mita 5 ukijumlisha yote inayoanguka katika majira ya baridi. Mdogo wangu alisoma huko kwa miaka miwili na aliendesha gari la aina hii hii. Aliponieleza kwamba hatari kubwa haikuwa theluji mpya iliyo laini, bali ile iliyokandamizwa na magari hadi ikawa barafu na kisha ikaanza kuyeyuka juu, nilielewa mara moja anazungumzia nini. Maji membamba juu ya kitu kigumu: ndiyo barabara yetu saa moja baada ya mvua. Akaniambia, "Kaka, usikanyage mafuta kwa nguvu. Ukikanyaga tu, umekwama."

Maneno hayo mafupi yana maana kubwa zaidi ukijua mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala mkono wa pili wa gia. Kwenye shafti ya kwenda nyuma kuna kikombe kilichofungwa, chenye sahani nyembamba nyingi zilizolowekwa katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi ileile, kikombe hakifanyi lolote la maana na gari linavuta kwa mbele kama Vitz nyingine. Ya mbele yakianza kuteleza na kuzunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, mafuta yale yanazishika sahani na nguvu inapelekwa nyuma. Inachukua nukta kidogo, na katika nukta hiyo dereva mwenye pupa anakuwa ameshachimba shimo. Mwenye subira anahisi mbele kunateleza kidogo, kisha anahisi kama mtu ameweka mkono nyuma ya gari na kulisukuma. Nimeusikia msukumo huo mara nyingi sasa, na kila mara unanifurahisha.

Mlima wa shuleni una urefu wa mita zisizopungua 300 na kona moja katikati. Ninaukabili hivi: nasimama chini kabisa, pakavu, natazama kama kuna bodaboda au gari linaloshuka, kisha naweka gia kwenye L, yaani gia ya chini kabisa, ili gari lisije likajibadilishia gia katikati ya mlima na kustuka, na naondoka taratibu kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mguu hauongezi wala haupunguzi hadi kileleni. Usukani ukianza kuwa mwepesi mkononi, hiyo ni dalili kwamba magurudumu ya mbele yamepoteza mshiko, na hapo nauchezesha kidogo kushoto na kulia ili kingo za tairi zitafute udongo mpya wa kushika. Msimu wa kwanza nilirudi chini kinyumenyume mara nne. Msimu uliopita sikurudi hata mara moja, na gari ni lile lile.

Kuteremka ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapowasihi wanaotaka kununua wasikilize zaidi. Fowili husaidia kuondoka na kupanda. Haisaidii hata kidogo kusimama. Magari yote yana breki kwenye magurudumu manne, na tope halijui kama una shafti ya nyuma au huna. Januari ya msimu wa kwanza, nikiwa nimejaa imani kwa sababu nilipanda asubuhi bila shida, nilianza kushuka jioni kwa gia ya D na kugusa breki karibu na ile kona. Nilisikia kanyagio la breki likigonga chini ya mguu, tak-tak-tak, ABS (mtambo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) ikijitahidi, na gari likaendelea kwenda mbele kana kwamba sijagusa chochote, likageuka ubavu taratibu na kuegemea ukingo wa mtaro upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa bonde la migomba. Sikuumia, gari lilikwaruzika tu, lakini nilikaa ndani nimeushika usukani kwa muda mrefu kabla ya kuweza kushuka. Tangu siku hiyo nashuka kwa L tangu juu, injini yenyewe ilishike gari, na breki naigusa kabla ya mteremko kuanza.

Kasoro ya pili isiyo na dawa ni tumbo kuwa chini. Malori yanayokuja kubeba tangawizi huacha njia mbili za magurudumu zenye kina kuliko nafasi iliyo chini ya Vitz, na ukiingia humo tuta la katikati linalibeba gari, magurudumu yote manne yananing'inia na kuzunguka bure. Mdogo wangu anasema theluji nyingi huwafanyia vivyo hivyo wenye magari madogo: gari linapanda juu ya theluji iliyolundikana na kulala kwa tumbo. Nilinasa hivyo mara moja, Februari, nikawa nabadilisha gia mbele na nyuma nikikanyaga mafuta, hadi mama mmoja aliyekuwa akitoka shamba na jembe begani akasimama akaniambia, "Mwanangu, acha kulikoroga, unalizamisha." Alikuwa sahihi kabisa. Tulichimba udongo chini ya tumbo kwa jembe lake, tukaweka jeki juu ya ubao, tukainua gurudumu moja baada ya jingine na kutandika makuti ya mchikichi. Tahadhari kwa watakaoiga: shina la kuti la mchikichi lina miiba migumu inayoweza kutoboa tairi, kwa hiyo likateni na mtumie majani peke yake. Sasa kwenye buti sikosi sepetu fupi, ubao, kamba ya kuvutia na mabua makavu ya mahindi kwenye kiroba, na penye njia za malori napita gurudumu moja juu ya tuta la katikati na jingine ukingoni.

Ukinasa usiku, usilale ndani ya gari na injini ikiwaka. Katika nchi za theluji watu hufa kwa sababu bomba la ekzosi limefukiwa, na hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inaingia ndani ya gari. Nilipotazama nyuma ya gari langu siku ile ya Februari, mdomo wa ekzosi ulikuwa umebakiza vidole viwili kufikia tope.

Kuhusu tairi ningeweza kuandika kurasa nyingi. Gari lilifika likiwa limevaa tairi za theluji za Kijapani, zilizoandikwa ubavuni STUDLESS, yaani zisizo na misumari, na aliyeniuzia alizisifu kuwa ndizo zitakazonifaa kwenye tope. Hazikunifaa. Japani iliweka sheria mwaka 1990 ya kuzuia tairi za misumari, kwa sababu zilikuwa zikikwangua lami na kujaza miji vumbi, na hizi ndizo zilizochukua nafasi yake: mpira wake ni laini sana ili usikakamae kwenye baridi, na uso wake umechanjwa vijistari vyembamba mamia kwa mamia ili ving'ang'anie barafu. Udongo wetu wa mfinyanzi ulijaa kwenye vijistari hivyo ndani ya mita chache, na tairi likawa laini kama sahani. Kwenye lami ya kwenda Kigoma mjini, jua la saa nane, gari lilikuwa linayumba kwenye kona kama limevaa ndala, na mpira uliisha huku nikiutazama. Nikasoma zile tarakimu nne zilizo ubavuni, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka, nikakuta tairi zina zaidi ya miaka kumi. Nilizivua zote baada ya miezi mitatu na kununua tairi mpya za saizi ileile, 165/70R14, zenye kashata (vipande vya mpira vilivyojitokeza) pana zilizoachana, ambazo zinautema udongo zinapozunguka. Nathubutu kusema kwamba nusu ya mafanikio yangu kwenye ule mlima yametokana na tairi hizo. Kupunguza upepo nilijaribu pia, kutoka PSI 33 hadi 25. Kwenye mchanga kulisaidia kidogo, kwenye udongo mwekundu sikuona tofauti.

Nunueni zote nne kwa pamoja. Hili si suala la urembo. Tairi mbili mpya na mbili zilizolika zina kipenyo tofauti, hivyo kile kikombe cha mafuta ya silikoni kinadhani magurudumu yanateleza wakati wote, kinafanya kazi hata kwenye lami, kinapata joto, na mwisho kinaharibika. Kwa sababu hiyo hiyo, gari likiharibika lisivutwe mbele ikiwa imeinuliwa na nyuma ikiburuzika, lipakiwe lote.

Kilichonisikitisha zaidi ni kutu. Hokkaido humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula gari kwa chini, mahali ambapo picha za muuzaji hazifiki. Juu langu lilikuwa linang'aa. Mwezi wa tano fundi wangu wa hapa Kasulu aliliinua, akapitisha kidole juu ya bomba la breki linalokwenda nyuma, na maganda ya kutu yakamdondokea usoni. "Mwalimu," akaniambia, "hili bomba lingepasuka siku moja ukiwa mlimani." Alibadilisha mabomba mawili, akakwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu uvunguni kote, na kuchomelea mkono mmoja wa ekzosi. Karatasi ya mnada ya Japani ilikuwa na herufi S na C kwenye mchoro wa gari, S ikimaanisha kutu na C ikimaanisha kulika, na mimi sikumwomba aliyeniuzia anitafsirie kabla ya kulipa. Anayenunua gari la kutoka kaskazini aombe karatasi hiyo na amlipe fundi aliangalie kwa chini. Ni gharama ndogo kuliko bomba la breki.

Mafuta linakula vizuri: kwenye lami napata kilomita 13 hadi 14 kwa lita, na wiki za tope hushuka hadi 10. Vipuri vya injini viko kila mahali. Vya difu ya nyuma na shafti si rahisi, na kwa hivyo mafuta ya difu nayabadilisha kila msimu wa mvua ukiisha, kwa kuwa nimevuka maji mara nyingi.

Kwa mwenzangu anayeishi Mwandiga au Kigoma mjini na kutembea kwenye lami, Vitz ya kuvuta kwa mbele inamtosha na itamgharimu kidogo. Anayebeba mizigo mizito au kupita daima kwenye njia za malori atafute gari la juu zaidi. Lakini mwalimu, muuguzi au afisa ugani anayepanda milima ya Buhigwe, Kasulu au Kibondo akiwa na abiria wawili na begi la vitabu, gari hili litamfikisha, mradi alivalishe tairi zinazofaa na alichunguze uvungu kabla ya mvua. Langu liko kwa fundi juma hili, limeinuliwa, na mabomba ya breki yanakaguliwa upya.