Tipu za milingi kwa chuma kigumu: uanze na ipi

Ingia duka la vifaa vya karakana hapa Kampala, useme unataka tipu za kabaidi, vile vipande vidogo vinavyofungwa kwa skrubu kwenye kichwa cha mashine ya milingi, za kukatia chuma kigumu, na mara nyingi utaletewa zile za rangi ya dhahabu. Zinapendeza machoni. Mimi nilizinunua nilipoletewa visu vinne vya mashine ya kusaga plastiki nivinyooshe uso. Hata kisu cha kwanza sikukimaliza. Mvumo wa mashine uligeuka mlio, nikazima, nikakuta dhahabu yote imeondoka kwenye ncha na kabaidi imekuwa butu kama ukucha.

Dhahabu ile ni TiN (titani na nitrojeni), koti la zamani linalopakwa juu ya kabaidi, ambalo huanza kuungua joto likifika nyuzi 500 hadi 600. Chuma kilichogumishwa hupitisha joto hapo haraka sana. Nasema mapema kwamba rangi peke yake si ushahidi: kuna tipu nzuri zenye TiN juu kabisa ili fundi aone ncha iliyotumika, na makoti yenyewe ya kazi yako chini. Unachonunua ni maandishi ya boksi.

Kabla ya kutoa pesa, jua ugumu wa chuma chako. Springi ya lori, ambayo mafundi wa Katwe huigeuza kuwa karibu kila kitu, mara nyingi huwa kati ya HRC 40 na 48 (HRC ni kipimo cha ugumu cha Rockwell, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi). Visu vya plastiki na dai za presi hufika 58 au zaidi. Kama huna kipimo, chukua tupa mpya ujaribu pembeni: ikiuma kwa shida, bado kabaidi inatosha, ikiteleza kama juu ya kioo, uko karibu na 60, na huko hata tipu bora haitadumu. Kazi hiyo ipeleke kwenye mashine ya kusaga kwa jiwe.

Kwa mashine ya kawaida ya mkono, hivi ndivyo ningepanga.

Ya kwanza ni tipu ya duara yenye koti la AlTiN (TiN iliyoongezwa alumini), mfano RPMW1003. R ni duara, W inaonyesha uso bapa usio na mfereji wa kuvunjia chipsi, yaani vipande vya chuma vinavyokatwa, 10 ni kipenyo kwa milimita. Duara halina kona ya kumeguka, na ukingo ukichoka unalegeza skrubu, unaizungusha kidogo, unaendelea. Ukikata kina cha nusu milimita, chipsi inatoka nyembamba chini ya nusu ya mwendo uliouweka kwa kila tipu, kwa hiyo unaweza kuongeza mwendo wa meza bila kuiumiza. AlTiN nayo, ambayo kwa kawaida ni nyeusi yenye zambarau kwa mbali, ikipata moto hujijengea ngozi ya oksidi ya alumini inayozuia joto lisiingie ndani. Ubaya wake ni kwamba haitoi kona ya nyuzi 90, na husukuma juu spindeli, mhimili unaozungusha kichwa. Mashine iliyolegea italalamika.

Ya pili ni APMT1604 yenye koti hilo hilo. Hii ndiyo inayopatikana kila mahali, na inatoa ukuta ulionyooka. Ina ncha mbili tu, na kona yake ndogo ndiyo hufa kwanza. Ukilinganisha bei na ile ya duara, gawa bei ya boksi kwa idadi ya ncha, si kwa idadi ya tipu.

Ya tatu ni zenye TiSiN (TiN iliyoongezwa silikoni), rangi ya shaba. Kwa ugumu wa kupita 55 zinashinda zote mbili, lakini hazipendi mtetemo. Kama meza yako inacheza, utazivunja kabla ya kuzichosha.

Za mwisho ni zile zilizopakwa kwa CVD, moja ya njia mbili za kupaka koti, nyingine ikiwa PVD. Koti lake ni nene na hupakwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, ilhali PVD hupakwa karibu na 500 na kuacha ukingo mkali zaidi. CVD ni nzuri kwenye lethi, mashine inayozungusha chuma chenyewe, ncha inapokaa ndani ya chuma muda wote. Kwenye milingi ncha inaingia na kutoka kila mzunguko, na koti nene hupasuka.

Kwenye boksi tafuta herufi H, ambayo alama yake ni kijivu. Ndiyo ya chuma kilichogumishwa. P ya buluu ni chuma cha kawaida, na wauzaji huzichanganya. Ukikuta VP15TF, jina la aina ya tipu za Mitsubishi, kwenye boksi lisilo na jina la Mitsubishi, chukulia imeigwa. Inaweza kukata, ila usiilipe bei ya ile halisi. Zilizomwagwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) bila boksi ziache: ncha huwa zimegongana, na kwa lenzi ndogo utaona vipande vilivyoruka.

Ukishanunua, kata kavu. Maji ya kupoozea yakimwagikia ncha iliyowaka huipasua. Hewa ya kompresa inatosha kuondoa chipsi. Kwa HRC 50 anza na mita 80 kwa dakika, yaani kama mizunguko 1,000 kwa kichwa cha milimita 25. Kwa visu vya 58 shuka hadi mita 50.

Na umeme ukikatika ncha zikiwa ndani ya chuma, usiuvizie urudi mashine ikiwa vile vile. Zima swichi, rudisha meza nyuma kwa mkono mpaka tipu ziwe huru, ndipo uwashe.