Mkanda wa poliesta badala ya kamba yenye fundo: uzoefu wangu gerejini

Kwa miaka mingi gereji yetu hapa Tanga ilinyanyua injini kwa kamba ya katani iliyofungwa fundo la kitanzi na kutundikwa kwenye ndoano ya cheni bloku, yaani kifaa cha mnyororo cha kunyanyulia mizigo. Mwaka jana kamba hiyo ilikatika palepale penye fundo, bahati nzuri injini ikiwa imeinuka shubiri moja tu, na wiki hiyohiyo nikanunua mkanda bapa wa poliesta wa tani 2, wenye urefu wa mita 3 na kitanzi kilichoshonwa kila mwisho.

Fundo laweza kuipunguzia kamba hadi karibu nusu ya nguvu zake, kwa kuwa penye mpindo mkali nyuzinyuzi hazigawani mzigo sawasawa. Mkanda hauhitaji fundo, wala hauruhusiwi kufungwa hata ukizidi urefu. Rangi yake nayo ina maana: katika kanuni za Ulaya zambarau ni tani 1, kijani ni 2, manjano ni 3.

Hata hivyo, tani hizo ni za kunyanyua wima. Mkanda ukizungushiwa mzigo kisha ukapitishwa ndani ya kitanzi chake ili ujikaze, hubaki na asilimia 80, yaani kilo 1,600. Ukipitishwa chini ya mzigo na vitanzi vyote viwili vikatundikwa kwenye ndoano, pande zote mbili zikiwa wima, hufikia tani 4. Hapo kwenye wima ndipo vijana wangu walipokuwa wakikosea. Mikanda miwili ikitanuka hadi kila mmoja ukainama nyuzi (digrii) 60 kutoka wima, kila mmoja hubeba mvuto ulio sawa na uzito wote wa mzigo, kana kwamba mwenzake hayupo.

Udhaifu wake mkubwa ni kingo kali. Baada ya miezi minne, fremu ya jenereta iliukata pindo, nami nikaukatakata vipande asije mtu akauokota na kuutumia. Siku hizi kila kona tunaikinga kwa kipande cha tairi kuukuu.

Nilipotafuta mwingine, duka moja liliniuzia mkanda wa kijani usio na lebo, nikaurudisha, kwani kitambaa cha kijani kila mtu anaweza kukishona. Kamba ya katani bado tunayo. Tunaishika pembeni kuuzuia mzigo usizunguke hewani.