Memtest86+ kwa RAM iliyowashwa XMP: inachokamata na kinachoiponyoka

Umelipia RAM ya spidi ya 6000, ukaingia BIOS ukawasha XMP au EXPO (profaili ya spidi aliyoiweka mtengeneza RAM) ili ifanye kazi kwa 6000 kweli, na vituko vikaanza hapo hapo: kivinjari kinajifunga, faili la zip linagoma kufunguka, skrini ya bluu inajitokeza kila baada ya siku mbili. Wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Kabla ya kufika huko, iko programu ya bure inayoenea kwenye flashi ndogo kabisa, Memtest86+. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuinasa RAM inayoyumba profaili ikiwashwa.

Tuanze na jina, maana linawachanganya hata mafundi. MemTest86 isiyo na alama ya kujumlisha ni mali ya kampuni ya PassMark, na toleo lake la bure hukomea mizunguko 4 ya kupima. Yenye alama ya kujumlisha ni ya chanzo huria, haina kikomo. Iliandikwa upya ikatoka kama toleo 6.00 mwaka 2022, na tangu hapo inawaka kwenye UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Zile CD za 5.01 ambazo bado zimo kwenye droo za mafundi, ziache huko huko.

Kuitumia hakuna ufundi. Pakua, andika kwenye flashi, zima Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizo na saini kuwaka) kama BIOS inaikataa, kisha uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi. Kwenye Debian na Ubuntu unaweza hata kuisakinisha ikakaa kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta ikiwaka. Inaanza kupima yenyewe. Usikimbilie kuondoka mzunguko wa kwanza ukiisha: huo umefupishwa makusudi, kipimo kamili kinaanza na wa pili. Iache ifike minne, yaani usiku kucha kwa RAM ya 32 GB. Umeme ukikatika katikati, unaanza moja, kwa hiyo mwenye UPS aitumie.

Uzuri wake hasa ni namna inavyoonyesha kosa. Inakupa anwani ya kumbukumbu, kilichotarajiwa na kilichokutwa. Tuseme kilichotarajiwa ni ffffffff na kilichokutwa ni fffffffb. Hapo biti moja tu imegeuka, kutoka 1 kuwa 0. Sasa angalia mistari inayofuata. Anwani ikiwa ile ile, biti ile ile, na kosa likibaki hata XMP ikiwa imezimwa, shuku chipu mbovu na udai garantii. Anwani zikirukaruka, leo huku kesho kule, na makosa yakitoweka ukirudi kwenye spidi ya kawaida, RAM huenda ni nzima ila inasukumwa kupita uwezo wa mfumo wako. Kosa moja lina uzito sawa na elfu. Hakuna cha “ni moja tu”.

Udhaifu wake uko upande wa pili, na ni mkubwa. Memtest86+ inaijaza RAM mifumo ya data, lakini haikibani kidhibiti kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa kama kazi nzito zinavyokibana. Tena kasha linakuwa baridi, kadi ya picha imelala. Gemu likianza, kadi inapuliza joto juu ya RAM, na stiki iliyopita mizunguko minne bila doa inaanza kukosea baada ya nusu saa. Kwa chumba cha Dar mwezi wa Februari bila kiyoyozi, hilo si jambo la kupuuza. Kwa hiyo ikisema kuna kosa, iamini. Ikikaa kimya, endelea na programu nzito zaidi za kupima, TestMem5 au y-cruncher, ndani ya Windows kwa saa kadhaa, kasha likiwa limefungwa na feni zikizunguka kama siku zote.

Mpangilio wa kazi ndio unaoipa thamani. Pima kwanza XMP ikiwa imezimwa. Kosa likitokea, chomoa zote, pima stiki moja moja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, kisha ihamishie iliyokosea kwenye sloti nyingine ili ujue wa kulaumiwa ni stiki au ubao mama. Zikipita zote, sasisha BIOS wakati XMP bado imezimwa. Kuandika BIOS huku RAM inayumba ni kuomba ubao mama ufe. Ndipo uwashe profaili na kupima tena. Ikikosea, shusha spidi kutoka 6000 hadi 5800, halafu 5600, taimingi (namba za ucheleweshaji wa RAM) usiziguse. Ikitulia, ukomo umeuona. Ukitaka kung'ang'ania 6000 kwa stiki za volti 1.35, jaribu 1.40, na kwa prosesa za AMD Ryzen 7000 usipitishe volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti kumbukumbu) 1.3, AMD yenyewe iliweka ukomo huo mwaka 2023 baada ya prosesa kuungua.

Sababu ni kwamba profaili ni ahadi ya mtengeneza RAM. Prosesa haikuahidi chochote. Ryzen 7000 rasmi inabeba DDR5 ya 5200 kwa stiki mbili, na 3600 tu kwa stiki nne. Anayejaza sloti nne akatarajia 6000 anacheza bahati nasibu. Hali ni mbaya zaidi kwa desturi yetu ya kununua 8 GB leo na 8 GB nyingine mwakani: hata namba ya bidhaa ikifanana, chipu ndani zaweza kuwa tofauti, na profaili ilipimwa kwa jozi iliyotoka boksi moja.

PassMark ina faida mbili: inawaka bila kuzima Secure Boot, na ina kipimo namba 13 kinachogonga safu jirani za kumbukumbu hadi biti zigeuke. Hicho kikikosea peke yake, usiitupe RAM. Mashine nyingi za kawaida hukosea hapo na hufanya kazi miaka bila tatizo. Programu ya kupima RAM iliyomo ndani ya Windows ni dhaifu, hata ikikupa matokeo safi usiyategemee.

Kwa kugundua chipu iliyokufa, Memtest86+ tunaipa tisa kwa kumi. Kwa kuthibitisha kwamba XMP imetulia, tano.