JPEG, TIFF na faili ghafi: tathmini ya mpiga picha wa vinyago, Mtwara

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipiga picha za vinyago vya mpingo kwa mzee mmoja mchongaji hapa Mtwara, ambaye anataka kila kazi yake iwekewe kumbukumbu kabla haijauzwa. Nilianza na JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, kama kamera ilivyokuwa imepangwa tangu dukani. Nilipompelekea picha ya kinyago cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, aliitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilichonga watu kumi na wawili, mbona hapa nawahesabu tisa?" Watatu wa chini walikuwa wamezama katika weusi wa mti, na kila nilipojaribu kupaangaza mahali pale kwenye kompyuta, badala ya nyuso vilijitokeza vijiraba na rangi zilizokatikakatika.

Sababu imo katika muundo wenyewe wa faili. JPEG, iliyoidhinishwa mwaka 1992, kwa kawaida huhifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, huigawa picha katika vijiraba vya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 8 kwa 8, kisha hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Katika picha ya ufukwe wa Msimbati wakati wa mchana hasara hiyo haisumbui. Katika mpingo, ambao uzuri wake wote umo ndani ya weusi, kinachotupwa ndicho hasa kinachotafutwa. Tena, kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, ubanaji hurudiwa na hasara huongezeka. Kwa kutuma picha kwa simu naisifu bila kusita, lakini kwa kuhifadhi naipa alama 2 kati ya 5.

Faili ghafi, yaani zile zinazobeba takwimu za kihisi cha kamera, sehemu inayopokea mwanga, kabla hazijapikwa, zilinibadilishia kazi. Kamera yangu huziandika kwa biti 14, ambazo ni ngazi 16,384, na mizani ya weupe, yaani namna rangi zinavyorekebishwa kulingana na aina ya mwanga, hubaki wazi hadi mhariri atakapoiamua mwenyewe. Nilikipiga upya kinyago kilekile, mahali palepale chini ya mkorosho, na nilipokiangaza kwenye programu watu wote 12 walionekana, hata alama za patasi kwenye vidole vya miguu. Uhariri huandikwa pembeni, kwa hiyo faili ya asili haiguswi. Kasoro yake ni kwamba kila kampuni ina muundo wake: Canon ina CR3, Nikon NEF, Sony ARW, na programu ya zamani inaweza kushindwa kufungua faili ya kamera mpya. Kwa sababu hiyo nazigeuza kuwa DNG, muundo ambao Adobe iliutoa mwaka 2004 na kuuweka maelezo yake wazi kwa yeyote.

TIFF, muundo mwingine wa faili za picha, ni ya kuaminika na haipotezi kitu, ila ni nzito mno. Picha ya megapikseli 24 katika biti 16 hufikia megabaiti 144 bila kubanwa, na picha 200 zinakaribia gigabaiti 29, jambo gumu kwa mtu mwenye diski moja ya nje. Faili ghafi ni ndogo zaidi kwa kuwa kila pikseli ya kihisi hurekodi rangi moja tu. Naitumia TIFF kwa picha chache zinazohitaji marekebisho ya mkono kwa siku kadhaa. PNG, muundo mwingine tena, nayo haipotezi kitu, lakini ilibuniwa kwa ajili ya intaneti na sikuona inanifaa zaidi ya TIFF.

Studio ya kusafisha picha ninayoitumia mjini hupokea JPEG tu, kwa hiyo natoa nakala ya JPEG kutoka kwenye DNG siku ya kuchapisha, kwa ubora wa juu kabisa, na nakala hiyo siihariri tena.