3-D Secure toleo la pili: huzuia kadi za wizi, haizuii malalamiko ya wateja

Muamala wa kadi unapopingwa, muuzaji wa mtandaoni hupoteza fedha, mara nyingi hupoteza pia mzigo aliokwisha kuutuma, na juu ya hayo hutozwa ada ya kushughulikia mgogoro wenyewe. Haishangazi, basi, kwamba watoa huduma za malipo huinadi 3-D Secure, yaani utaratibu wa benki kuhakikisha kwamba anayelipa mtandaoni ndiye mwenye kadi, kana kwamba ni dawa ya kila pingamizi. Baada ya kuitumia katika duka ninalolisimamia, maoni yangu ni kwamba karibu kila muuzaji anapaswa kuiwasha, lakini awe anajua ni aina moja tu ya mgogoro inayotibiwa hapa.

Toleo la kwanza, ambalo Visa iliwaletea wateja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Verified by Visa, lilikuwa kero: mnunuzi alihamishiwa ukurasa mwingine na kudaiwa nywila ambayo huenda aliiweka zamani na kuisahau, na wengi waliishia kuliacha kapu lao pale pale. Toleo la pili, ambalo maelezo yake ya kiufundi yalitolewa mwaka 2016 na EMVCo, chombo cha pamoja cha kampuni za kadi, limejengwa kwa mantiki nyingine kabisa. Wakati mteja anabonyeza kitufe cha kulipa, benki iliyotoa kadi hupokea kimyakimya taarifa za kivinjari chake, zikiwemo lugha, ukubwa wa skrini, saa za eneo na anwani ya IP. Muuzaji naye anaweza kuongeza yale anayoyajua yeye: akaunti ya mteja ina umri gani, nywila ilibadilishwa lini, manunuzi mangapi yamefanyika katika miezi 6 iliyopita, na kama anwani ya kupelekea mzigo inatumika kwa mara ya kwanza. Benki ikiridhika, malipo hupita bila mteja kuulizwa lolote. Ikiwa na shaka, humtaka athibitishe kwa alama ya kidole katika programu yake ya simu, au kwa namba ya siri ya mara moja.

Ubora wa huduma hii unategemea sana taarifa hizo za ziada, na hapa ndipo nina lalamiko. Nyingi kati yake si za lazima, kwa hiyo mtoa huduma mvivu huziacha wazi. Mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akituma zile za lazima tu, na wateja wa miaka mingi wakawa wanahojiwa na benki zao kama wageni. Kabla ya kusaini mkataba, uliza ni sehemu zipi zinatumwa, na usikubali kujibiwa kwa kijitabu cha matangazo.

Faida kubwa ni kuhama kwa dhima. Muamala uliothibitishwa hurudi na alama maalumu, ambayo kwa kadi za Visa ni 05 na kwa Mastercard ni 02, na kwa kawaida mwenye kadi akidai baadaye kwamba si yeye aliyenunua, hasara hiyo huwa ya benki iliyotoa kadi. Kwa upande wa Visa, pingamizi linalozuiwa hivyo ni lile lenye namba 10.4, yaani ulaghai katika muamala ambao kadi haikuwepo. Alama hiyo ihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za kila oda, kwa sababu bila hiyo huna pa kuanzia siku benki inapokuletea madai. Tahadhari moja: muuzaji akiomba muamala usamehewe uthibitisho ili mteja asisumbuliwe, dhima hubaki kwake mwenyewe.

Sasa upungufu. Mteja anayedai kwamba mzigo haukufika hutumia namba 13.1 ya Visa, na anayedai kwamba alichopokea hakifanani na kilichoelezwa hutumia 13.3; uthibitisho wa awali, hata uwe imara kiasi gani, hauna la kusema juu ya madai hayo. Vivyo hivyo kwa huduma za kulipia kila mwezi: malipo ya kwanza huthibitishwa, lakini yale yanayokatwa baadaye bila mteja kuwepo kwa kawaida hayana kinga hiyo, na ndiyo hasa ambayo mteja aliyesahau kujiondoa huyapinga. Naona ajabu wauzaji wa usajili wanavyoshawishiwa kulipia uthibitisho wa kila muamala, ilhali kitufe cha kujiondoa kinachoonekana na ujumbe wa kumkumbusha mteja kabla ya makato vingewasaidia zaidi.

Kwa migogoro hiyo mingine kuna huduma za tahadhari za mapema, hasa Ethoca, iliyonunuliwa na Mastercard mwaka 2019, na Verifi, iliyonunuliwa na Visa mwaka huo huo. Hizi humpa muuzaji nafasi ya kurudisha fedha kabla lalamiko halijawa pingamizi rasmi, jambo linalolinda kiwango chake cha migogoro ingawa mauzo yenyewe yanapotea. Kwa oda ndogo ni sawa. Kwa bidhaa ya bei kubwa ambayo una saini ya aliyeipokea, kurudisha fedha papo kwa papo ni kumzawadia mdanganyifu. Tangu Aprili 2023, Visa pia humruhusu muuzaji kujibu pingamizi la 10.4 kwa kuonyesha miamala miwili ya awali ya mteja yule yule, yenye umri wa zaidi ya siku 120, isiyowahi kuripotiwa kuwa ya ulaghai, na inayolingana na huu unaopingwa katika mambo mawili, moja likiwa anwani ya IP au utambulisho wa kifaa. Duka ambalo halihifadhi taarifa hizo haliwezi kunufaika na njia hii, na 3-D Secure haitalihifadhia.