Prado 150 ya Dizeli au Corolla NZE: Uzoefu Wangu Nairobi

Nimeyaendesha yote mawili kwenye barabara zile zile. Kama lami inafika getini kwako, chukua NZE. Prado inamfaa anayeishi kwenye udongo mweusi wa Joska, Kamulu au Kitengela, ambako mvua za Aprili huyafungia magari madogo nyumbani.

NZE121 yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, hutumia cheni ya taimingi badala ya belti, na oili yake ni lita 3.7 pamoja na filta. Kwenye foleni ya Mombasa Road napata kilomita 10 au 11 kwa lita. Inachoka zaidi chini: linki za stabilaiza (vijiti vinavyounganisha stabilaiza na sehemu za gurudumu), bushi na shokabzoba za mbele, kwa sababu ya matuta na mashimo. Ikigonga mbele ukipanda tuta polepole, anza na linki. Ni rahisi, na Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, hazikosekani. Pima oili kila wiki, maana injini iliyozeeka huila kupitia ringi za pistoni bila kuvuja hata tone. Giaboksi ya otomatiki itie oili ya aina ya T-IV pekee.

Prado ndiyo inayohitaji macho. Injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0 ina nguvu na inavumilia mzigo, lakini washa (pete bapa) za shaba zilizo chini ya injekta, zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zikilegea, moshi wa mwako huingia kwenye oili na kuigeuza masizi mazito. Masizi hayo huziba chujio la pampu ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili haipandi, na turbo hufa kwanza, kisha beringi. Oili mpya haiondoi masizi yaliyokwisha kuganda pale. Lazima sampu ifunguliwe na chujio lisafishwe. Kila injekta zikitolewa, washa ziwe mpya, hazirudiwi. Belti ya taimingi nayo isivuke kilomita 150,000, kwani ikikatika, valvu hupinda. Hapo utajuta.

Kwenye matope, magurudumu yote manne huvuta wakati wote, lakini difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifunge kabla hujazama. L4, yaani gia nzito ya mwendo wa polepole, huingia gari likiwa limesimama, gia kwenye N. Ukirudi kwenye lami kavu, fungua difu mara moja, la sivyo unaitesa mifumo ya kuendeshea. Tairi za lami, hata ziwe mpya, hujaa udongo mweusi na kuteleza tu. Nunua zenye meno.

Ukienda kununua Prado, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Liwashe likiwa baridi usikilize mlio wa kugonga wa injekta, kisha fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka. Moshi ukitoka kwa mipigo, gharama ya injekta na kushusha sampu iondolewe kwenye bei, au uondoke.