Uzoefu wangu: PC ya gemu na kueditia harusi kwa 1.8M, Mwanza

Nianze na nilivyopigwa, ndio mtaelewa kwanini vifaa nimevichagua hivi. Nilikuwa na Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, naeditia video za send-off na harusi hapa Kirumba, jioni gemu kidogo. Video za 1080p ilikuwa inajikongoja nazo, 4K ndio kabisaa, unagusa taimulaini unaenda kununua vocha unarudi bado imeganda. Nikaenda duka moja mjini nikauziwa kadi ya grafiki (GPU), GTX 1050 Ti ya mtumba, laki na themanini. Jamaa anaongea vizuri, kaiwasha mbele yangu, Windows inasoma 1050 Ti kabisa, nikalipa.

Sasa kuna vitu viwili niliviona pale pale nikavipuuza. Kadi ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu, wakati chipu za Pascal, kizazi cha 1050 Ti, hazitoi picha ya analogi. Halafu ilikuwa inadai waya wa umeme wa pini sita, na 1050 Ti ni kadi ya wati 75, nyingi zinajitosheleza na umeme wa madabodi tu. Dell yangu haina waya huo, fundi akaniungia kiwaya kutoka kwenye waya wa SATA, ule wa umeme wa diski, nami nikamshukuru na soda juu! Kufika nyumbani GTA V inakata kata kuliko hata nilivyotegemea, nikashusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaandika FAKE kabla ya jina la kadi. Chipu yenyewe GF116, yaani GTX 550 Ti ya 2011 imechezewa BIOS (programu iliyo ndani ya kadi) ikapewa jina la kadi ya 2016. Kurudi dukani naambiwa mali ikishatoka hairudi, na risiti imeandikwa "vifaa vya kompyuta" basi, sasa utadai nini.

Nikadunduliza miezi mitano, msimu wa harusi ukanisaidia, nikafika milioni moja na laki nane. Kioo ninacho, kibodi ninayo.

Kila mtu niliyemuuliza alikuwa na ushauri mmoja, tupa hela yote kwenye GPU, prosesa chukua i5-12400F maana ile isiyo na F imezidi kama elfu hamsini na ni ile ile. Kwa mtu wa gemu tupu ni kweli, kasi hazipishani. Ila F maana yake prosesa haina grafiki zake za ndani, na hizo grafiki za ndani ndio zilizonifanya niandike haya yote. Kameramani ninayefanya naye kazi ana Sony A7 IV, anashuti 10-bit 4:2:2, yaani video yenye taarifa nyingi za rangi, kwa sababu anapenda kuchezea rangi. RTX 3060, kadi niliyonunua safari hii, pamoja na ukubwa wake wote haina uwezo wa kufungua HEVC (namna ya kubana video) ya 4:2:2 kwa chipu yake ya video, mzigo unarudi kwa prosesa inaanza kuhema. Lakini ile UHD 730 iliyojificha ndani ya 12400, ambayo ukicheza nayo gemu utalia, inaifungua kama inamenya ndizi. Elfu hamsini!

Ila haikuja bure. Siku mbili za kwanza taimulaini bado ilikuwa inakwama, nikajua nimepigwa tena, usingizi sina. Kumbe ukichomeka GPU madabodi inazizima zile grafiki za ndani kimya kimya, inabidi uingie BIOS ya madabodi (mipangilio yake ya ndani) uziwashe, halafu Premiere (programu ya kueditia) kwenye mipangilio ya Media uweke tiki ya Intel. Na kingine, kameramani wako ashuti XAVC HS, hiyo ndio HEVC. Akishuti XAVC S ya 4:2:2 hiyo ni H.264, namna ya zamani zaidi ya kubana video, na Intel ya kizazi hiki haiisaidii, utatengeneza proksi tu, yaani nakala nyepesi za kueditia. Mimi wangu ilibidi nimuoneshe kwa macho ndio akakubali.

Bei nilizolipa: prosesa 430,000, madabodi ya H610 260,000, RAM 8GB mbili DDR4 120,000 (mbili makusudi, moja ya 16 inafanya kazi kwa njia moja tu, inakuwa nzito), SSD ya NVMe 130,000, kava 90,000, pawasaplai ya 550W 150,000. Vingi vilitoka Kariakoo kwa basi, nikavipokea stendi Nyegezi. Pawasaplai kulikuwa na za elfu 45 zimeandikwa 600W, ukiinyanyua nyepesi kama kiberiti, nikaziacha. Kadi ndio nilinunua hapa hapa Mwanza, RTX 3060 ya 12GB, kwa dogo aliyekuwa anafunga banda lake la gemu, laki sita na ishirini. Nilienda na GPU-Z kwenye flashi, nikaicheki jina na chipu, tukaiendesha nusu saa inachemka huku tunakunywa chai, ndio nikatoa hela. Dogo alinuna kidogo ila alielewa.

Gemu sina la kusema sana, GTA V na FC ya mpira zinateleza kwenye 1080p, kioo changu chenyewe ni cha hapo hapo. Kazi ndio nimeona tofauti. Harusi ya Sengerema majuzi, tumevuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko, masaa ya video 4K nimeyakata bila proksi hata moja, bibi harusi kapata hailaiti siku ya pili.

Kasoro zipo. Umeme wa mtaani kwetu ukirudi unarudi na hasira, nikapoteza rendi (kutoa video iliyokamilika) ya masaa mawili kabla sijanunua UPS, betri ya akiba, laki mbili na ishirini nje ya bajeti, ningeiweka mwanzoni kabisa. Na vile vidudu vya ziwani, vikija usiku vinafuata taa, PC yangu ilikuja na feni za rangi rangi, asubuhi chujio la mbele limejaa utando mweusi unanuka kama soko la samaki la Mwaloni. Nimezima taa zote za feni, sasa nafuta na brashi kila Jumapili.

RAM ndio inanibana, 16GB Premiere na Chrome havikai pamoja na madabodi ina nafasi mbili tu, kwa hiyo hizo 8 mbili lazima zitoke ndio ziingie 16 mbili. Kuna mtu wa Mwanza anazihitaji? Aje na mashine yake azipime hapa hapa, sitanuna.